Tupeane uzoefu: kumsaidia mgonjwa wa presha au sukari abadili mtindo wa maisha

Muuguzi, kliniki ya presha na sukari
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa anaambiwa apunguze chumvi, aache sukari, afanye mazoezi, apungue uzito, yote kwa dakika tano. Anaitikia "sawa daktari", na mwezi ujao presha ni ileile 170/100. Tuweke hapa mbinu zenye vipimo, ambazo mwenzako anaweza kuzitumia kesho asubuhi.

Naanza na chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Lakini nani apime gramu kwenye sufuria ya familia? Muulize: mko wangapi nyumbani, na pakiti ya nusu kilo inakaa siku ngapi? Watu 5 wakiimaliza kwa siku 10, kila mmoja anapata gramu 10. Ikivuka siku 20, mko pazuri. Aandike tarehe juu ya pakiti siku anapoifungua, kisha kikopo cha chumvi kitoke mezani. Vikolezo vya mchuzi na ng'onda (samaki wa kukaushwa) vina chumvi yake, kwa hiyo hesabu hiyo bado inapunja. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

Na tafadhali, mwiteni anayepika. Ukimfundisha baba asiyeshika mwiko, somo linaishia getini.

Mtaalamu wa lishe
Naongezea upande wa sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi. Kikijaa kichuguu ni zaidi. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu tayari ni gramu 36, na soda moja ya mililita 350 ina karibu kiasi hichohicho. Anayekunywa chai ya vijiko vitatu msimwambie aache leo. Apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Linalosumbua zaidi ni dona. Wagonjwa wengi wanaamini dona haipandishi sukari, basi wanakula mlima. Ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ndiyo, ila ni wanga. Sahani iwe nusu mboga za majani, robo ugali (kama ngumi yake mwenyewe), robo maharage, samaki au nyama. Mwenye glukometa (kipima sukari) na vipande vichache vya kupimia apime kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, siku ya ugali mkubwa na siku ya ugali wa ngumi. Namba zake mwenyewe zitamshawishi kuliko maneno yetu.

Tabibu
Hapo kuna hatari isemwe wazi. Anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) akikata chakula ghafla, au akifunga bila kuongea na kliniki, sukari inaweza kushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Chini ya 4 mmol/L na bado anaweza kumeza, apewe vijiko vinne vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Dozi ipangwe upya kabla ya mlo kubadilika.

Halafu presha yenyewe tunaipima vibaya. Mtu kapanda ngazi, kibofu kimejaa, mkanda wa mashine ni mdogo na umefungwa juu ya shati, anaongea: namba inapanda bure, naye anaona jitihada zake zimepotea. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Pima mara mbili.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Kabla ya ushauri wowote, ulizeni siku yake inavyokwenda. Mlinzi wa usiku anakula saa nane za usiku chakula cha kununua; mama lishe anaonja mchuzi tangu alfajiri. Hawa hawawezi kupewa karatasi moja ya maelekezo.

Mazoezi: dakika 150 kwa wiki, yaani 30 kwa siku tano, mwendo ambao anaongea lakini hawezi kuimba. Kushuka daladala kituo kimoja kabla kunahesabika. Mwenye sukari avae viatu vya kufunika vidole na akague nyayo jioni.

Halafu achague jambo moja tu. Muulize, kati ya 0 na 10 una uhakika kiasi gani utaliweza? Akisema 4, usimhubirie; lipunguzeni jambo hilo mpaka aseme 7, kisha liandike kwenye kadi lake la kliniki, ili hata zamu nyingine ikimpokea ianze na hilo.