Tupeane uzoefu: jina la kifurushi cha programu lilishakutesa wapi?

Mwana wa Langoni: Assalaam aleikum wakuu. Niko Amu (Lamu), naandika programu ndogondogo kwa lugha ya Python kwa watu wa mashua. Nilitengeneza kifurushi cha kupiga hesabu ya maji kujaa na kupwa, chombo kisije kikakwama kwenye mkondo wa Mkanda. Nikakiita "ndia". Kwetu njia ni ndia, sikufikiri mara mbili. Mwenzangu yuko Nairobi, nikamwambia kwa simu, "Weka ndia." Akaandika njia. Hakipo. Akaandika tena, hakipo. Nusu saa tunazozana, kumbe ni Kiamu changu. Haya, na nyinyi?

Bandarini MLD: Shukuru hakikupatikana. Mtu angekuwa keshasajili "njia", mwenzio angepakua kitu cha mwingine na kukiendesha. Wapo wanaotega hivyo makusudi, wanavizia watu wanaokosea herufi moja. Mimi yangu ni ya aibu zaidi. Nilikuwa nafanyia kazi nyumba ya wageni hapa Malindi, nikaita faili langu calendar.py. Ghafla kila nikijaribu kuvuta data mtandaoni naambiwa timegm haimo. Timegm ndiyo nini? Sijaiandika popote! Siku mbili nzima, wallahi. Kumbe Python ina calendar yake yenye hiyo timegm, na zana za mtandao zinaitegemea. Ikakutana na yangu kwanza, ikaishika hiyo.

Ukhti wa Shela: Pole, kaka 😂 Mimi napenda majina ya kwetu. M-Pesa, 2007. Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za watu, 2008. Hakuna aliyeuliza yanaandikwaje. Halafu tazama Kubernetes, ile ya kusimamia programu kwenye seva: ni Kigiriki, maana yake mshika usukani. Maana tamu, lakini ulimi umewashinda hadi wanaandika K8s, yaani herufi 8 za katikati wamezitupa. Si wangesema Nahodha tu?

Fundi Kompyuta: Msisahau vistari. PyPI, ghala la vifurushi vya Python, haitofautishi bei-samaki na bei_samaki, wala ukitia nukta. Kwake ni jina moja. Lakini kwenye import, amri ya kuita kifurushi ndani ya programu, ukiandika bei-samaki, Python inaona unatoa samaki kwenye bei. Kibaya zaidi ni jina la kusakinisha kuwa mbali na la kuitia. Unasakinisha Pillow, unaita PIL. Unasakinisha beautifulsoup4, unaita bs4. Kijana ninayemfundisha aliniuliza, "Mwalimu, mbona nimenunua dagaa, nikifungua kapu natoa papa?" Sikuwa na jibu.

Bandarini MLD: Mwambie papa ni wa siku nyingi, dagaa kaja juzi. PIL ndiyo iliyotangulia, Pillow wakaichukua wakaiendeleza. Wangebadilisha jina la kuitia, programu za watu zingevunjika.

Mwana wa Langoni: Basi mimi nimebadilisha mapema, kabla hakijapata watu. Nimekagua, jina lilikuwa halijachukuliwa: bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana. Nairobi kaliandika sawa mara ya kwanza. Nikaenda kumwambia nahodha mmoja hapa gatini, akanitazama weee, akaniuliza, "Na maji mafu yakifika, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, hiyo programu yako italala?"