Mume wangu amemnyang'anya binti yetu "Rosa Mistika". Naombeni ushauri

Mama Wawili (Mwanza):
Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni mawazo yenu, hasa walimu na wazazi wenye mabinti wakubwa.

Binti yetu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu na sasa yuko nyumbani kwa likizo. Juzi baba yake alimkuta sebuleni anasoma Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Akakishika, akafungua katikati, akasoma kidogo, akakifungia kabatini. Alisema kitabu cha msichana anayetembea na wanaume na kutoa mimba hakiwezi kukaa katika nyumba inayosali. Mtoto hakubisha. Ila tangu hapo anamjibu baba yake "ndiyo baba", "hapana baba", basi.

Mimi nilikisoma zamani, nimekirudia usiku wao wamelala. Kimenikaa rohoni. Kuna pale Zakaria, baba mlevi wa Rosa, anapojua kwamba kijana Charles amemwandikia Rosa barua, na kipigo kinachofuata. Kosa lenyewe ni barua! Mume wangu si Zakaria, nasema wazi: hanywi, hajawahi kutuinulia mkono. Binti wa jirani alipata mimba mwaka jana, na tangu siku hiyo mwenzangu hana amani na hawa wetu. Hofu yake naielewa.

Je, ni mapema mno kwa umri wake? Na nimwingieje mzee bila kuonekana nimejipanga na mtoto dhidi yake?

Baba Kulwa:
Dada, mimi namuunga mkono mumeo. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni hapa Tanzania, na waliozuia walikuwa na watoto kama sisi. Halafu mmesahau mwisho wake: Rosa anajiua. Mtoto akifika ukurasa huo saa tano usiku, peke yake chumbani, nani yuko naye? Fasihi naiheshimu, lakini kila kitu kina umri wake.

Mwalimu Mstaafu:
Mama Wawili, pole, na unisalimie mzee. Nimefundisha fasihi sekondari karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Baba Kulwa amesema kweli, ila habari ya marufuku haiishii hapo. Kitabu kilitoka 1971, kikazuiwa, baadaye kikaruhusiwa na kikasomwa madarasani. Mimi mwenyewe nimekifundisha. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, ng'ambo ya maji tu kutoka hapo ulipo. Aliandika juu ya watu aliowajua, Wakatoliki wa kisiwani, na jina la kitabu lipo kwenye Litania ya Bikira Maria, lile la "Waridi lenye fumbo" ambalo nyinyi mnaosali rozari mnaliitikia. Naamini hakulichagua kwa dhihaka. Amemchukua msichana ambaye kijiji kizima kingemnyooshea kidole, akambatiza jina la Mama Maria, ili msomaji mwenye jiwe mkononi asite kidogo.

Darasani, wanafunzi walikuwa wanataka kuanza na "Rosa alikosea wapi?" Niliwakatalia. Niliwaambia waandike kwanza majina ya watu wazima wote waliokuwa karibu naye kabla hajaharibikiwa, na mbele ya kila jina waandike alichomfanyia. Zakaria alimchunga kwa fimbo, hivyo Rosa akakua akimwogopa mwanamume bila kumjua. Regina alimpenda mwanawe, lakini naye alikuwa anapigwa na mlevi yuleyule, angemkinga na nini? Kisha Rosa anafika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na fimbo, hana hata neno moja la busara aliloambiwa nyumbani kuhusu mapenzi. Orodha ikikamilika ubaoni, lile swali lao la kwanza walikuwa hawaliulizi tena kwa sauti ileile.

Halafu anarudi Charles. Hapo darasa lilikuwa linapasuka. Rosa ameshaacha mambo ya chuoni, Charles anataka kumuoa, anagundua si bikira, anamwacha. Nilikuwa nauliza: na Charles yeye alipimwa na nani? Wavulana kimya. Wasichana walikuwa wanaongea wote kwa pamoja mpaka mwalimu wa darasa la jirani anakuja kuchungulia. Dhambi ya uzinzi ina watu wawili kila mara, lakini ndani ya riwaya ile hesabu yote inaletwa kwa mmoja. Kezilahabi anaionyesha bila kuificha, ndiyo maana inauma.

Sasa hoja ya kujiua. Baba Kulwa, hapo sikupingi hata kidogo. Mama, zile sura za mwisho usimwachie peke yake. Kaa naye, msome pamoja, na mkimaliza muulize waziwazi kama yeye au rafiki yake amewahi kufikiria kujidhuru. Usizunguke. Mtoto akiulizwa kwa upole anasema, na akisema usimkemee, msikilize na umtafutie msaada.

Miaka 16 akiwa na mzazi pembeni, mimi nasema inatosha.

Nyambura wa Vitabu (Nairobi):
Shikamoo Mwalimu. Umenikumbusha riwaya ambayo kikundi chetu cha kusoma kimemaliza majuzi, The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne, ya 1850. Ni Boston ya karne ya 17, mji wa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini. Hester Prynne anatolewa jela na mtoto mchanga kifuani, anasimamishwa jukwaani mbele ya umati, na nguoni ana herufi A nyekundu ya uzinzi atakayoivaa miaka na miaka. Mchungaji kijana, Dimmesdale, anaamriwa amsihi hadharani amtaje baba wa mtoto. Na baba wa mtoto ni yeye Dimmesdale! Amesimama juu kwenye roshani na wakubwa, anamhubiria mwanamke aliye chini, na Hester anakataa kumtaja. Ukurasa huo niliusoma mara mbili kwa hasira.

Hester anavaa aibu yake mchana, anahudumia wagonjwa na maskini, mwishowe watu wanaanza kumheshimu. Mchungaji anasifiwa kila Jumapili huku siri inamla mwili, mpaka anakiri miaka saba baadaye palepale jukwaani na kufa. Babu wa babu yake Hawthorne, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem, 1692. Nadhani ndiyo sababu anawatazama wanaohukumu kwa jicho kali kuliko anavyomtazama anayehukumiwa.

Mama Wawili, mweleze mzee kisa hiki mkiwa mmekaa. Ni cha watu wa dini, cha mbali, hakimgusi yeye moja kwa moja. Rosa mtamfikia taratibu.

Bin Pate:
Assalamu alaykum. Huku kwetu pwani tumelelewa na utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Ina moto wa Jahanamu, ina majumba ya Pate, kisiwa cha jirani na Lamu, yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na sasa yamebaki ya popo. Lakini mshairi anauonya moyo wake mwenyewe. Hamnyooshei kidole mtu. Kwa hiyo dada, usiende kwa mumeo na hoja za kumshinda. Mwache aseme anachokiogopa mpaka amalize.

Sikujua:
Mimi nilikisoma kwa kujificha nikiwa kidato cha pili. Hakikunifundisha uhuni, kilinitia hofu ya wanaume na sikuwa na mtu wa kumuuliza chochote. Mama, wewe upo. Kaa naye.

Baba Kulwa:
Mwalimu, nimekuelewa. Kama mzazi anakaa naye hadi mwisho, pingamizi langu linapungua. Ila baba akisome kwanza mwenyewe. Kuhukumu kitabu kwa ukurasa mmoja wa katikati hapana.

Mama Wawili (Mwanza):
Asanteni sana, nimewasoma wote. Jana nilifuata ushauri wa Bin Pate, nikamsikiliza tu. Aliongea muda mrefu kuhusu yule binti wa jirani, kisha nikampa kisa cha Hester na yule mchungaji. Alikasirika kuliko Nyambura! Baadaye akafungua kabati mwenyewe, sasa yuko kwenye Rosa na ameshapita kile kipigo cha barua. Amesema mtoto atarudishiwa, ila tusome wote watatu kuanzia Jumamosi. Bado hajamwambia binti, nimemwomba amwambie yeye mwenyewe.

Mwalimu, naomba uniwekee hapa maswali mengine uliyokuwa unawapa wanafunzi, hasa ya Regina, maana kwake nina mengi ya kusema. Na kama kuna mtu hapa Mwanza ana nakala ya kuuza aniambie, kitabu tunacho kimoja.