Ruzuku ya jimbo inaleta IB shuleni, mtoto akifika katikati anaambiwa darasa limefutwa. Minnesota hapa, nimechoka

Wakuu salaam. Naandika nimetoka shifti, sijalala, na hasira zimenijaa kwa hiyo mkiona nimeruka ruka mnivumilie.

Niko vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, mwaka wa kumi na moja sasa, nabeba boksi kama wengi wenu, usiku nahudumia wazee. Binti yangu wa kwanza yuko darasa la kumi na mbili shule ya umma. Miaka michache nyuma hiyo shule ilipata ruzuku ya jimbo kuanzisha IB, International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari, wakatuita wazazi jioni, mabango mpaka mlangoni, keki, juisi, mkuu wa shule akasimama akatuambia watoto wenu watasoma mtaala uleule wanaosoma watoto wa mabalozi Geneva na Singapore na nyie hamtoi hata senti. Mimi akili ikaruka moja kwa moja Masaki. Kwa sisi tuliokulia Dar IB ni ule ukuta wa IST, shule ya kimataifa, unaouona ukiwa umening'inia kwenye daladala, ada inatajwa kwa dola, ndani wanashuka watoto kwenye mashangingi. Nikamwangalia mama watoto, nikamwambia huku tumekuja kufanya hiki kitu, hata wakisema nifanye kazi Jumapili nitafanya.

Mtoto akaingia na moyo wote. Kwa wasioijua, diploma ya IB sio kama AP, yale masomo ya Kimarekani ya kiwango cha chuo, ambayo unachukua somo moja ukijisikia. Ni kifurushi cha miaka miwili. Masomo sita, kati ya hayo angalau matatu lazima yawe ya ngazi ya juu, na somo la ngazi ya juu linahesabiwa saa 240 za kufundishwa wakati la kawaida ni 150. Juu yake kuna insha ya utafiti hadi maneno 4,000, kuna Nadharia ya Maarifa, kuna mambo ya sanaa na michezo na kujitolea. Kila somo alama ni 1 mpaka 7, ukijumlisha na zile za insha na Nadharia ya Maarifa unafika 45, na chini ya 24 diploma huioni. Shikeni hapo kwenye matatu ya ngazi ya juu maana ndipo tulipochinjiwa.

Binti alichagua Kiingereza, Historia na Biolojia. Anataka udaktari, sijamlazimisha mimi, mnaojua watoto wa huku mnajua hawalazimishiki. Mwaka wa kwanza kapiga vizuri. Mwezi wa nane, wiki mbili kabla shule haijafunguliwa, inaingia imeili ya mistari minne. MINNE. Biolojia ngazi ya juu haitafundishwa mwaka huu, wanafunzi wote tisa wanahamishiwa ngazi ya kawaida, tunawashukuru kwa uelewa wenu.

Uelewa gani? Ukimtoa Biolojia anabaki na mawili ya ngazi ya juu. Na mawili sio diploma. Hakuna cha kuongea hapo, ni kanuni yao wenyewe, haihitaji mwanasheria.

Nikaomba kikao. Kaunsela, dada mmoja mpole kweli, ananiambia usijali baba, bado atapata matokeo ya somo moja moja. Nikamuuliza hivi wewe ukinunua tiketi ya ndege ya kwenda Dar, ikifika Amsterdam rubani anakwambia shuka hapa, si umeona Ulaya, utashukuru? Akanyamaza. Halafu akasema kuna kozi ya mtandaoni inayotambulika na IB, anaweza kumalizia Biolojia huko, ila gharama ni ya familia. Si mlisema hatutoi senti nyie?

Basi nikaanza kufukua hizi hela zinatembeaje, siku zangu mbili za mapumziko zote zikaishia kwenye sheria za jimbo na mikataba ya bajeti. Nilichokiona ni hiki.

Jimbo la Minnesota lina fungu la AP na IB, kwa miaka mingi limekaa dola milioni 4.5 kwa mwaka, namba ileile, bei ya mayai inapanda yenyewe imelala. Sheria inasema asilimia 75 iende AP, 25 iende IB. Piga hesabu, IB nzima ya jimbo inagawana milioni moja na laki moja na kitu. Hiyo inalipia mitihani ya watoto wa kipato cha chini na mafunzo ya walimu. Halafu kuna kipengele kingine cha ruzuku za kusaidia shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini wapanue hizi programu, walimu wasomeshwe, vifaa vinunuliwe, watoto waandaliwe. Vizuri, sipingi, tena waliotunga hiyo kitu Mungu awabariki.

Lakini ruzuku ina mwanzo na mwisho jamani. Shule kwanza inakaa miaka kwenye foleni ya kukubaliwa huku inalipa, ikishakubaliwa inalipa ada ya kila mwaka kwa IB, hiyo ya diploma peke yake inazidi dola 10,000, na hapo hujamlipa mwalimu mshahara. Ruzuku ikiisha zote hizo zinaangukia bajeti ya kawaida ya wilaya ya shule, na wilaya ikiishiwa inaangalia darasa lenye watoto tisa inasema hili ndio tunaanza nalo.

Na kwa nini tisa? Hapa ndipo nilicheka kicheko cha uchungu. Minnesota tangu 1985 ina sheria inayoitwa PSEO, mtoto wa sekondari anaenda kusoma chuo bure, na sehemu kubwa ya hela ya jimbo ya yule mtoto inamfuata chuoni. Sheria nzuri sana, majimbo mengine yameiga. Ila jimbo hilohilo kwa mkono wa kulia linaipa shule hela ianzishe IB, kwa mkono wa kushoto linawalipa watoto walewale wenye uwezo waondoke. Darasa lilianza na ishirini na kitu, wenzao wakahamia chuo cha jirani, waliobaki kuwa waaminifu kwa programu ndio wanaadhibiwa. Uaminifu umewaponza.

Mwalimu mwenyewe wa Biolojia simlaumu. Alisomeshwa kwa hela ya ruzuku, kozi na hoteli na kila kitu, akarudi na cheti chake, wilaya tajiri ya upande wa pili ikamuona, ikamchukua na mshahara juu. Yaani sisi watoto wa kipato cha chini ndio tumemsomeshea mwalimu watoto wa mabwana. Hakuna mahali walipoandika kwamba ukisomeshwa kwa ile hela ukae angalau miaka miwili mitatu. Bongo hata ukisomeshwa na kijiji kuna mzee atakuuliza mbona unaondoka.

Sasa njoo kwenye mitihani, maana visa havijaisha. Mtihani ni mwezi wa tano lakini usajili unafungwa tarehe 15 Novemba, ukichelewa unapigwa faini. Kila somo ni zaidi ya dola 100, piga mara sita. Nikajua sisi tumo kwenye kipato cha chini, jimbo linalipa yote. Naletewa ankara nzima! Nauliza kulikoni, naambiwa kwenye mfumo huonekani kama mwenye kipato cha chini kwa sababu hujajaza fomu.

Fomu gani? Ile ya chakula cha bure.

Sikilizeni vizuri wenye watoto huku, hii inawahusu. Tangu mwaka wa masomo 2023-24 Minnesota watoto WOTE wanakula bure shuleni, kifungua kinywa na mchana, awe mtoto wa daktari awe mtoto wangu. Kwa hiyo sisi wengi tuliacha kujaza ile fomu, si chakula ni bure, unajaza ya nini? Kumbe ile fomu ndio inayotumika kujua nani alipiwe mitihani, na shule yenyewe inapata hela za ziada za jimbo kwa kuhesabu familia zilizotambulika. Shule ikikosa fomu zetu inaonekana tajiri kwenye makaratasi. Mama mmoja wa Kikisii tunayefanya naye kazi, kijana wake yuko IB hiyohiyo, naye hakujaza, naye kaletewa ankara, na yeye ana watoto watatu na shifti mbili. Hakuna aliyetuambia. Keki za kutuitia walikuwa nazo, meseji moja ya kusema jazeni fomu hawakuwa nayo.

Nimejaza juzi, wamesema watarekebisha, nasubiri nione.

Kidogo tu nichepuke. Huyu binti mwanzo kabisa alitaka somo lake la fasihi lifanywe kwa Kiswahili. IB inaruhusu, Kiswahili kipo kwenye orodha yao, hata kama shule haina mwalimu mtoto anaweza kujisomea ngazi ya kawaida shule ikimsaidia. Bibi yake Tanga alifurahi mpaka akataka kutuma vitabu. Shule ikasema hakuna bajeti ya msimamizi. Ruzuku ilikuwa bado ina hela wakati huo, nakumbuka vizuri, ni mwaka ule walionunua yale mabango.

Nimeenda mpaka bodi ya shule. Wanakupa dakika tatu kwenye maikrofoni, hawakujibu, wanaandika andika tu. Nilichowaomba ni kitu kimoja: mtoto akishaanza mwaka wa kwanza wa diploma, masomo yake ya ngazi ya juu yasiguswe mpaka amalize, hata kama darasa limebaki na watoto watano. Wakifunga, wafunge kwa wanaokuja nyuma na sio kwa waliopo ndani. Mwenyekiti akasema asante baba, anayefuata.

Kuna mtu ataniambia Minnesota State, ule mtandao wa vyuo vya umma vya jimbo, wanalazimika kutoa kredeti za chuo kwa mtoto aliyepata 4 na kuendelea kwenye mtihani wa IB kwa hiyo hajapoteza. Najua. Lakini alama ya 4 kwenye somo analochukua chini ya saa zake, na mwalimu wa muda anayesoma kitabu pamoja nao, hiyo tuongee tena mwezi wa saba matokeo yakitoka.

Swali langu kwa wadau wa Minnesota na majimbo mengine: kuna aliyewahi kunyang'anywa somo la ngazi ya juu katikati ya safari akapandisha lingine kutoka la kawaida na diploma ikatoka? Binti anafikiria kupandisha Hisabati, mwalimu wake kasema labda, na hiyo labda ina wiki mbili sasa. Mwenye uzoefu anijibu hapahapa, nitasoma nikiamka, saa tano usiku naingia tena kazini.