Dadangu ana anoreksia, mamangu naye yuwaisha kwa uchovu. Tumsaidie vipi?

BintiKisauni: Asalaam aleikum wadau. Dadangu mdogo wa miaka 16 ana anoreksia, ule ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula, daktari kasema ale mara tatu kwa siku na vitafunio katikati, na mtu mzima akae naye mpaka amalize. Yote yamemwangukia mama. Apika uji, apika wali, akae mezani saa nzima mtoto alia sahani haijaguswa, usiku halali. Majirani nao wasema mtoto kafanyiwa, wengine ati mama hakumlea vizuri. Mimi niko kazini Mtwapa narudi jioni. Alopitia haya anisaidie.

MamaWawili: Waleikum salaam mamii, poleni sana. Si kosa la mama, mwambie kila siku. Hayo matibabu ya familia yalianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 80, na pale mzazi halaumiwi, yeye ndiye anayetegemewa kumrudisha mtoto kwenye chakula. Lakini si mzazi mmoja peke yake! Baba yuko wapi? Wewe chukua chakula cha jioni chote, upike, ukae naye mpaka mwisho, mama atoke kabisa akapunge upepo ufuoni Mama Ngina. Kumuoshea vyombo pekee hakumpumzishi.

Kibokoni_1: Sisi twamuuguza binamu. Mezani msibishane habari ya kalori wala mwili, sema tu najua ni ngumu, haya kijiko kingine. Mashangazi wenye "mashallah umenona" waambieni kabla hawajafika mlangoni. Na mama ajue zile kelele ni njaa, si utovu wa adabu, kule Minnesota, Marekani, 1944 wanaume 36 wazima walikubali kupunguziwa chakula kwa utafiti na miezi ikipita wakawa na hasira, wakajitenga, mawazo yote kwa chakula.

NesiLikoni: Akizimia, au moyo ukipiga polepole sana, hospitali siku hiyo hiyo msingoje. Akianza kula tena baada ya njaa ya muda mrefu damu ipimwe madini ya potasiamu na fosfeti, zaweza kushuka ghafla. Ramadhani akiwa hivi asifunge, mgonjwa ana ruhusa. Mama naye apimwe presha na apate kaunsela wake mwenyewe, mtoto asiwepo.

BintiKisauni: Shukran sana, nimelia nikisoma. Nimeongea na baba, kakubali chakula cha mchana. Auliza tambi za nazi zafaa?

NesiLikoni: Zafaa sana, atie na maziwa pembeni.