Amri nyingi kwenye seva ya mbali: kikao kimoja cha SSH au kila amri na wito wake?

Mleta mada:

Ndugu zangu mafundi wa mifumo, naleta hoja ambayo imetugawa ofisini kwa muda mrefu. Skripti inapolazimika kutekeleza amri kadhaa kwenye seva ya mbali, je, izitume zote ndani ya kikao kimoja cha SSH (njia salama ya kuamrisha kompyuta ya mbali), au kila amri iwe na wito wake? Mimi nasimama upande wa kikao kimoja, kwa sharti kwamba kazi isimame mara amri yoyote inaposhindwa.

Kwanza ni muda. Kila `ssh` inapoitwa, mashine mbili hukubaliana upya juu ya funguo za usimbaji, mtumiaji huthibitishwa upya, kisha sheli mpya (programu inayopokea na kutekeleza amri) huwashwa. Nikiwa Dodoma na seva ikiwa Ulaya, nilipima karibu sekunde 2 kwa kila wito, kwa hiyo skripti yenye amri 40 ilipoteza zaidi ya dakika 1 kwa kupiga hodi tu.

La pili ndilo zito. Kila wito huanzia katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, hivyo `cd` (amri ya kuhamia folda nyingine) ya wito wa kwanza haiufai kitu wito wa pili, na vigeu vyote hupotea. Mwenzetu mmoja alijaribu kulikwepa hilo kwa nukta mkato: `ssh seva 'cd /srv/muda; rm -rf *'`. Wiki hiyo folda ilikuwa imebadilishwa jina. `cd` ikashindwa, nukta mkato ikaruhusu amri inayofuata, na `rm`, amri ya kufuta, ikafuta vilivyomo katika folda ya nyumbani pamoja na nakala za akiba za hifadhidata za siku 3. Laiti angeandika `&&`, pasingefutwa kitu, kwa kuwa alama hiyo huruhusu amri inayofuata pale tu ya kwanza inapofaulu.

Ndiyo maana naandika amri zote katika faili moja linaloanza na `set -eu` (husimamisha kazi amri inaposhindwa au kigeu kinapokosekana), kisha nalituma kwa `ssh seva 'bash -s' < kazi.sh`. Wanaopachika amri ndani ya skripti kwa `<<EOF` wakumbuke kuizungushia `EOF` alama za kunukuu, la sivyo `$HOME` (njia ya folda ya nyumbani) itakayofika kule ni ya mashine yao wenyewe.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, hoja ya muda haina nguvu tena, kwa kuwa mipangilio ya `ControlMaster` na `ControlPersist` katika OpenSSH (programu ya SSH) huwezesha wito unaofuata kupita katika muunganisho uliokwisha kuthibitishwa. Nikiziita amri moja moja najua iliyoshindwa ni ipi, maana `ssh` hurudisha namba ya matokeo ya amri ile (0 ikifaulu), au 255 pale SSH yenyewe inapopata hitilafu. Kikao chako kikikatika katikati, utajuaje kilifika mstari upi? Tena njia yako ya `bash -s` ina hatari: sheli ya kule hupokea faili lako kupitia ingizo, hivyo amri yoyote inayosoma ingizo hilo humeza mistari iliyobaki. Nimeona `ssh` ya ndani ikifanya hivyo, na skripti ikarudisha 0 kana kwamba kila kitu kimetekelezwa.

Mleta mada:

La kumeza mistari nalikubali bila ubishi, na amri ya namna hiyo sharti ipewe ingizo tupu kwa `</dev/null`. La muda pia nimeshindwa. Hata hivyo, `ControlMaster` hutunza muunganisho, haitunzi sheli. Kila wito bado huanzia nyumbani, na hapo ndipo balaa la mwenzetu lilipoanzia. Kuhusu mstari uliofikiwa, `set -x` huchapisha kila amri kabla ya kuitekeleza, na maandishi hayo hubaki kwenye mashine yangu.

Amri ya kuwasha seva upya naitenga katika wito wake, kwa sababu hukata tawi ililokalia, kisha skripti husubiri seva iitike ndipo ifungue kikao kingine. Na kwa hofu hiyo ya kukatika katikati, naandika kila amri iweze kurudiwa bila madhara, kwa mfano `mkdir -p`, isiyolalamika folda ikiwa tayari ipo, badala ya `mkdir`, ili nikilituma faili lote tena lisiharibu kilichokwisha fanyika.