Mkaguzi wa ndani niko Moshi, naitaka CISA (cheti cha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta): nifanye mtihani sasa au nisubiri uzoefu?

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mkaguzi wa ndani kwenye SACCOS huku Moshi, mwaka wa pili sasa, shahada ya uhasibu. Zamani vocha tulikuwa tunazipitia kwa kalamu nyekundu. Siku hizi naletewa ripoti imeshachapwa, nikihoji naambiwa "mfumo ndio umesema". Nani kaingiza mkopo, nani kauidhinisha, sina pa kuona. Ndiyo maana naitamani CISA. Ila nasikia wanataka uzoefu wa miaka mitano, na mimi TEHAMA sijasomea. Bosi anasema nimalize CPA kwanza, ile mitihani ya uhasibu. Nishaurini, na gharama pia.

Kibosho Juu: Mkuu, hapo ndipo wengi wanapochanganya. Mtihani unafanya hata leo. Uzoefu unadaiwa unapoomba cheti, na ukishafaulu unayo miaka mitano ya kuomba. Shahada nayo inaweza kukupunguzia miaka ya kazi, ingawa makato yote kwa jumla hayazidi mitatu. Anza kuomba kazi za mfumo hapo hapo ulipo: nani ana ruhusa ya kuingia wapi, nakala za akiba zinarudishika kweli au zipo jina tu. Tunza kumbukumbu, kuna mtu atatakiwa kuthibitisha uliyoyafanya.

Mtu wa Njiro: Pesa: mtihani ni dola 575 kwa mwanachama wa ISACA (chama kinachotoa CISA), 760 kwa asiye mwanachama. Ada ya uanachama mbali, maombi ya cheti dola 50. Ukikipata bado unakitunza: saa 120 za mafunzo kwa miaka mitatu, zisipungue 20 kwa mwaka. Bosi wako hajakosea sana. Kama CPA imebaki masomo mawili matatu, yamalize.

Mama Ukaguzi: Kutosomea TEHAMA kusikutishe, mdogo wangu. Maswali ni 150 kwa saa nne, kufaulu ni 450 kwenye kipimo cha 200 hadi 800, kwa hiyo usiigeuze kuwa asilimia. Kazi iko kwenye kufikiri. Mfano: mtumishi kaacha kazi, akaunti yake bado iko wazi. Fundi atakimbilia kuifunga. Wewe mkaguzi huigusi! Unaangalia kama imetumika tangu aondoke, kisha unauliza kwa nini utumishi hawakuwaarifu watu wa mfumo. Hapo ndipo mafundi wazuri kabisa wanapokwama, wanataka kutengeneza. Wewe una kichwa cha ukaguzi tayari. Kazana na uendeshaji wa mifumo na ulinzi wa taarifa, kila kimoja ni asilimia 26 ya mtihani.

Kibosho Juu: Ukifanyia nyumbani, kamera inakutazama muda wote na chumbani hatakiwi kuingia mtu. Wewe na watoto wa jirani mnajuana.

Mleta mada: Asanteni sana. CPA nimebakiza masomo mawili, basi nayamaliza kwanza. Dada Mama Ukaguzi, maswali ya mazoezi nichukue wapi? Kuna kijana ananiuzia faili la "maswali yenyewe".

Mama Ukaguzi: Achana naye huyo. Nunua ya ISACA wenyewe, na usome maelezo hata ya swali ulilojibu sawa.