Elimu ya afya ya kinywa gerezani: tufundishe nini kwanza, tuombe vifaa kiasi gani?

Mhudumu_Zahanati
Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa elimu ya meno kwa gereza la kanda ya Arusha lenye wafungwa na mahabusu kama 200. Maji yako nje ya mabweni, na watu hufungiwa alasiri mpaka asubuhi. Uongozi unahofia mpini wa mswaki usije ukanolewa. Wengi wana meno ya kahawia na wanayasugua kwa mkaa au mchanga. Wenye fizi zinazotoka damu wameacha kabisa kupiga mswaki. Tumepewa vipindi vinne vya nusu saa. Tuanzie wapi?

Tabibu_wa_Meno
Mkuu, kabla ya somo, mswaki. Mtu akifundishwa kupiga mswaki asubuhi na jioni ilhali mswaki wenyewe hana, kipindi cha pili humwoni.

Hesabu ya dawa ya meno: nusu gramu kwa mara moja, mara mbili kwa siku, ni gramu 30 kwa mtu kwa mwezi. Watu 200 ni kilo 6, yaani tyubu 60 za gramu 100. Miswaki iwe laini, ibadilishwe kila miezi 3: 800 kwa mwaka, na akiba juu yake, kwa sababu mahabusu wanaingia na kutoka kila wiki. Someni tyubu kabla ya kupokea, hata kama ni msaada: floraidi, madini yanayokinga jino lisioze, iwe 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Isiyo na floraidi inanukia tu.

Mswaki wa kusisitiza zaidi ni wa jioni, baada ya mlo wa mwisho. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayozimua asidi inayooza meno. Wala hauhitaji maji mengi. Lowesha mswaki, piga dakika 2, tema povu kwenye kopo, usisukutue. Floraidi ibaki imeganda kwenye meno usiku kucha. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kuoshea mswaki. Hili lisemeni kipindi cha kwanza kabisa, maana "hatuna maji" ndiyo sababu mtakayoisikia zaidi.

Tyubu ya pamoja isipite mkono kwa mkono. Mdomo wake ukigusa mswaki wenye damu, unaipeleka kwa anayefuata, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7. Mtu mmoja aminye dawa kwenye karatasi safi, kila mmoja achote yake.

Fundi_Afya_Jamii
Naongezea kuhusu mpini. Ukateni kabla ya kugawa, zibaki kama sentimita 5 nyuma ya kichwa, kisha ncha ipigwe msasa mpaka iwe butu. Ukikatwa ukaachwa na makali, hofu ya uongozi inakuwa kweli. Namba ya mtu ichorwe kwa msumari wa moto, kwani wino hufutika. Na mswaki mpya utolewe kwa kurudisha wa zamani, ili idadi iliyomo ndani ijulikane daima.

Rangi ya kahawia ielezeni kwa upole, watu wameichekwa tangu utotoni. Si uchafu. Ni floraidi nyingi ya maji ya huko iliyoingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, kabla ya miaka 8 hivi. Mkaa na mchanga haviifikii. Vinachimba shingo ya jino mpaka maji baridi yanauma. Mtaulizwa, "Mbona mnatuletea floraidi nyingine?" Jibu: jino la mtu mzima limeshajengwa, halipati tena madoa hayo, na dawa inatemwa.

Mhudumu_Zahanati
Asanteni sana. Vipi damu ya fizi, na maumivu makali? Daktari wa meno hatuna.

Tabibu_wa_Meno
Damu: mwambie anawe mikono, apitishe ukucha mahali jino linapokutana na fizi, aangalie. Atatoa utando mweupe unaonata kama uji uliopoa. Huo ndio unaoiudhi fizi. Apige mswaki palepale panapotoa damu, taratibu. Ndani ya wiki 1 hadi 2 itapungua. Isipopungua, kuna ugaga, yaani utando ulioganda ukawa mgumu kama jiwe, na huo hautoki kwa mswaki, unakwanguliwa na mtaalamu. Pimeni pia sukari na VVU, huenda ndivyo vinavyoisumbua fizi.

Maumivu: aspirini isiwekwe juu ya fizi, inaunguza. Antibayotiki peke yake hutuliza tu, jino bovu likiwepo usaha unarudi. Manyapara wafundishwe dalili hizi mpaka wazikariri: uvimbe unaoshuka chini ya kidevu, ulimi kuinuka, mate kutomezeka, mdomo kutofunguka, homa. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, kwa sababu njia ya hewa inaweza kuziba.

Kuhusu daktari: Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015), kanuni ya 25, zinataka kila mfungwa aweze kumpata daktari wa meno mwenye sifa. Itajeni kwenye barua kwa hospitali ya wilaya. Na ombeni waje na vifaa vya mkono na glasi ayonoma, yaani saruji ya kuzibia meno, si koleo la kung'olea tu. Kuziba huko hakuhitaji umeme wala mashine, na njia yenyewe ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Wafungwa wakijua kila ziara ni ya kung'oa, wataficha meno mpaka yavimbe.